Maswali ya Wadarizi: Sindano Inayofuata Mabaki ya Waviking

Tangu safu hii ilipogusia kwa ufupi katika toleo lililopita nguo za Waviking, watu wa Skandinavia (Denmark, Norwe na Uswidi) wa miaka elfu moja hivi iliyopita, barua zimetufikia nyingi kuliko nafasi tuliyonayo. Nimechagua zile zinazoweza kujibiwa kwa kukitazama kitu chenyewe kilichofukuliwa, na nimezifupisha bila kubadili maana.

SWALI: Shikamoo mama mshauri. Ninaishi Copenhagen na familia yangu, na nimesoma habari za vipande vya sufu kutoka kaburi la Mammen vilivyodariziwa chui na nyuso za watu, ambavyo vimehifadhiwa katika Makumbusho ya Taifa ya hapa. Najua kudarizi mashuka na vitambaa vya makochi kama nilivyofundishwa na shangazi yangu Tanga, lakini kazi ya namna hii sijui niianzie wapi. Je, ilitumika mishono gani, na je, uzi wangu wa kawaida wa pamba utafaa?
Msomaji, Copenhagen, Denmark

JIBU: Marahaba. Umeanzia mahali pazuri, kwa sababu vipande vya Mammen ni miongoni mwa darizi chache za zama za Waviking ambazo mishono yake bado inaonekana kwenye kitambaa, ilhali sehemu kubwa ya kinachouzwa leo kwa jina la darizi ya Kiviking imenakiliwa kutoka kwenye chuma, mbao na mawe. Kaburi hilo, ambalo kilima chake huitwa Bjerringhøj, liko karibu na kijiji cha Mammen katika rasi ya Jutland. Wakulima walilifukua mwaka 1868 na wakagawana walivyovikuta kabla mtu mwenye elimu ya mambo ya kale hajafika kuvikusanya. Mbao za chumba cha kaburi zilipochunguzwa kwa kuhesabu pete za ukuaji wa mti, ilionekana kwamba miti yake ilikatwa katika majira ya baridi ya mwaka 970 kuingia 971. Humo alizikwa mtu wa daraja la juu pamoja na shoka la chuma lililotiwa nakshi za fedha, na shoka hilo ndilo lililofanya mtindo mzima wa nakshi za wakati ule uitwe mtindo wa Mammen. Mwaka 2021 watafiti walitangaza kwamba mifupa na baadhi ya nguo za kaburi hilo, zilizodhaniwa kupotea kwa zaidi ya miaka mia moja, zilikuwamo muda wote ndani ya makumbusho hayo hayo, katika masanduku yaliyoandikwa jina la mahali pengine. Mwenye kabati la vitambaa nyumbani hatashangaa sana.

Sasa tuje kwenye mshono. Darizi ya Mammen imeshonwa kwa sufu juu ya sufu, na mshono wake mkuu ni ule wa mstari uliosokotana kama kamba, ambao hapa nitauita mshono wa kamba. Anayetumia mkono wa kulia huanza kushoto na kwenda kulia: sindano huzama mbele kidogo juu ya mstari, kisha hutokea nyuma, nusu ya hatua iliyotangulia, na uzi hubaki upande ule ule wa sindano tangu mwanzo wa mstari hadi mwisho. Ukiuacha uzi chini ya sindano kwa hatua kadhaa na kisha ukauhamishia juu, msokoto unageuka na mstari unaonekana kukatika, hata kama kila hatua ni nzuri peke yake. Kwa uzi wa sufu, hatua ya milimita 4 inatosha kwenye mstari ulionyooka, lakini kwenye goti la chui au ncha ya jani ishuke hadi milimita 2, la sivyo mpindo utaonekana kama pembe. Ukitaka kuujaza mwili wa mnyama, usishone mistari ya kukata moja kwa moja kutoka upande mmoja hadi mwingine. Anza na mstari wa pembezoni, kisha fuata umbo lake kuelekea ndani, mstari baada ya mstari, kwa kuwa mistari inayozunguka bega na paja ndiyo inayompa mnyama nyama.

Uzi wa pamba utashona, lakini sitaupendekeza kwa kazi hii. Pamba inang’aa na inateleza juu ya sufu, ilhali uzi wa sufu hukishika kitambaa na kujaza nafasi iliyo kati ya hatua. Tafuta uzi wa sufu wa nyuzi mbili zilizosokotwa, ukate kipande kisichozidi sentimita 40 ili usichakae kwa kupitapita kitambaani, na tumia sindano yenye tundu pana inayofungua njia kabla uzi haujapita. Fremu usiikaze kama unavyokaza shuka la pamba, maana kitambaa cha sufu kinavutika, na ukikitoa kwenye fremu kitarudi na kukunjamana chini ya mishono yako. Kuhusu rangi, usidanganywe na hudhurungi unayoiona kwenye vipande vya kaburini, kwa sababu hiyo ni kazi ya udongo. Watu wa zama zile walikuwa na nyekundu iliyotoka kwenye mizizi, manjano iliyotoka kwenye majani na maua, na buluu ambayo kiini chake ni nili ile ile tuijuayo, ingawa mmea wao ulikuwa mwingine.

Jambo moja la kuzingatia kabla hujasema kwamba Waviking walidarizi sufu tu. Nguo za sufu huhimili udongo wenye asidi na unyevu, ilhali kitani huoza humo, na mara nyingi kipande cha kitani kilichobaki ni kile kilichogusana na pambo la shaba, ambayo kutu yake huua vijidudu vinavyoozesha. Kwa hiyo tunachokiona ni kile ambacho ardhi ilikubali kukirudisha.

SWALI: Assalaam alaykum. Kaka yangu aliniletea habari kwamba Waviking walidarizi jina la Mwenyezi Mungu kwenye nguo za maziko kwa hati ya Kikufi, ule mwandiko wa kale wa Kiarabu. Ningependa kulidarizi pambo hilo hilo na kulitundika sebuleni. Je, habari hii ni ya kweli, na mchoro wake nitaupata wapi?
Mama mdarizi, Mombasa, Kenya

JIBU: Wa alaykum salaam. Habari hiyo ilienea Oktoba 2017, pale Annika Larsson, mtafiti wa nguo za kale wa Chuo Kikuu cha Uppsala nchini Uswidi, aliposema kwamba katika kanda za hariri na fedha kutoka makaburi ya Waviking, yakiwemo ya mji wa kale wa Birka nchini Uswidi, alisoma majina ya Allah na Ali. Magazeti makubwa ya dunia yaliichukua mara moja. Baada ya siku chache Stephennie Mulder, mwanahistoria wa sanaa ya Kiislamu katika Chuo Kikuu cha Texas huko Austin, alitoa hoja mbili nzito: kwanza, herufi za Kikufi za pembe-mraba za namna ile zinajulikana kutoka karne nyingi baadaye, pili, ili jina lisomeke, ilibidi kudhani kwamba ukanda ulikuwa mpana kuliko kipande kilichobaki, na sehemu iliyoongezwa ni ya kukisia. Mimi naziona hoja hizo zina nguvu. Naongeza kwamba kanda zenyewe hazikudariziwa hata kidogo, bali zilifumwa kwa vibao vidogo vyenye matundu, na pambo lake limo ndani ya ufumaji. Kwa hiyo ushauri wangu ni kwamba usilidarizi pambo hilo ukiamini kwamba ni ushahidi.

Hata hivyo usikate tamaa, kwa kuwa uhusiano wa Waviking na nchi za Kiislamu hauhitaji kutiwa chumvi. Birka, mji wa biashara uliokuwa katika kisiwa cha Björkö kwenye ziwa Mälaren, ulifukuliwa kwa miaka mingi na Hjalmar Stolpe mwishoni mwa karne ya 19, na katika kaburi moja la mwanamke alipata pete ya fedha yenye kito cha kioo chenye herufi za Kikufi. Uchunguzi wa pete hiyo ulichapishwa mwaka 2015, na wachunguzi walizisoma herufi hizo kuwa zinamtaja Allah. Katika kisiwa cha Gotland, mahali paitwapo Spillings, ilipatikana mwaka 1999 hazina ya fedha ya kilo 67, ndani yake sarafu zaidi ya 14,000, karibu zote dirhamu kutoka nchi za Kiislamu. Ibn Fadlan naye, aliyetumwa na khalifa wa Baghdad, aliwakuta Warusi wa kale, wafanyabiashara wenye asili ya Skandinavia, kando ya mto Volga mwaka 922 na akaeleza mazishi ya mkuu wao, ambaye alivikwa joho la hariri ya nakshi lenye vifungo vya dhahabu kabla ya kuchomwa pamoja na jahazi lake.

Kwa hiyo, mama, ukitaka pambo la sebuleni ambalo hakuna mtaalamu atakayelipinga, darizi dirhamu. Sarafu za tawala za Kiislamu za Waabasi na za Wasamani zilizopatikana kwa wingi Skandinavia zina shahada katikati, kwa mistari mifupi mitatu ya Kikufi, na maandishi mengine yanazizunguka kwa duara. Chukua picha safi kutoka kwenye makumbusho yoyote yenye sarafu hizo, ikuze hadi duara lifikie upana wa sentimita 25 hivi, kisha shona herufi kwa hatua fupi za kurudi nyuma kwa uzi wa kijivu cha fedha juu ya buluu iliyoiva. Hati ya Kikufi ina mistari iliyonyooka na pembe chache, nayo inaisamehe sindano kuliko hati zenye mikato ya mviringo. Maneno yahakikishwe na mtu anayesoma Kiarabu kabla hujaanza, kwa kuwa ukingo wa sarafu nyingi umekatika na herufi za mwisho mara nyingi hazipo.

SWALI: Mpwa wangu wa miaka 15 ananiomba nimdarizie koti lenye ile dira ya Waviking ya mikono minane, na chini yake kofia ya chuma yenye pembe. Nianze na kipi?
Msomaji, Hamburg, Ujerumani

JIBU: Usianze na chochote kati ya hivyo, ikiwa kijana anataka kitu cha Waviking kweli. Dira hiyo, iitwayo Vegvísir, inatoka katika kitabu cha mkono cha Iceland kinachoitwa Huld, kilichoandikwa mwaka 1860, yaani karibu miaka 800 baada ya zama za Waviking kwisha. Kofia zenye pembe zipo, na ni nzuri sana, lakini mbili maarufu zilizopatikana Viksø nchini Denmark mwaka 1942 ni za shaba nyeusi na zilitengenezwa yapata mwaka 900 kabla ya Kristo. Waviking walivishwa pembe na wasanii wa karne ya 19, hasa katika mavazi ya opera ya mtunzi wa muziki Wagner iliyochezwa Bayreuth, Ujerumani, mwaka 1876. Kofia ya Waviking iliyopatikana Gjermundbu, Norwe, mwaka 1943 ni bakuli la chuma lenye kinga ya macho, bila pembe yoyote.

Mpe nyundo ya Thor, mungu wa radi wa Waviking. Vidani vya umbo hilo vimepatikana zaidi ya elfu moja, na kimoja kilichopatikana Købelev nchini Denmark mwaka 2014 kina maandishi ya runi, yaani herufi za kale za Skandinavia, yasemayo kwamba hii ni nyundo, jambo ambalo lilimaliza ubishi wa wataalamu waliodhani huenda ni kitu kingine. Umbo lake ni rahisi na linafaa mgongoni mwa koti. Kwa kuwa mko Ujerumani, nawasihi pia mwe waangalifu na runi: runi mbili za S zilizowekwa sambamba zilikuwa nembo ya kikosi cha SS cha Wanazi na sheria ya huko inazikataza, na runi ziitwazo Tyr na Odal zimetekwa na makundi ya wabaguzi wa rangi. Kijana mweusi hana sababu ya kuzivaa bila kujua.

SWALI: Mimi ni mdarizi wa majoho, nafanya kazi na zari kila siku. Je, Waviking nao walikuwa na uzi wa fedha, na waliushona vipi?
Fundi, Unguja, Zanzibar

JIBU: Walikuwa nao, fundi, lakini si kama wako. Zari ya leo kwa kawaida ni utepe mwembamba wa madini uliozungushwa kwenye uzi wa ndani, ilhali katika mapambo mengi ya Birka ni waya mtupu wa fedha uliovutwa hadi ukawa mwembamba vya kutosha kupindwa kwa vidole. Waya huo ulifungwa mafundo na vitanzi, ukasukwa kuwa mkufu wa kuzungushia kingo za nguo, ukashikizwa kwenye hariri. Chuma kigumu hakipendi kupita kitambaani tena na tena, na kila fundi wa zari analijua hilo. Ndiyo maana njia iliyo salama ni kuulaza uzi wa thamani juu na kuushikiza kwa uzi mwembamba usioonekana. Ukitaka kujaribu, tumia waya wa fedha wa vito wenye unene wa milimita 0.3, uupashe moto kidogo ulainike, na ufunge mafundo mezani kabla ya kuyapeleka kwenye kitambaa. Nadhani mkono uliozoea joho utaipata kazi hii haraka kuliko wa mdarizi wa maua.

SWALI: Nimechora mnyama wa mtindo wa Urnes, mwenye shingo ndefu na kanda zinazopishana, lakini nikishona napotea: sijui ukanda upi upite juu. Pia huku sipati kitambaa cha sufu.
Mwalimu wa sayansikimu, Arusha, Tanzania

JIBU: Mwalimu, umechagua vizuri kuliko wengi. Wanaoanza hukimbilia wanyama wa Oseberg, ile meli iliyofukuliwa mwaka 1904 katika wilaya ya Vestfold nchini Norwe, ambamo wanawake wawili walizikwa mwaka 834 pamoja na vitambaa vya hariri na sufu. Nakshi za mbao za meli hiyo zimesongamana: wanyama wadogo wenye makucha wanashikana shingo, miguu na kingo za ubao, na zikipunguzwa hadi ukubwa wa kitambaa cha mezani hugeuka bonge la mistari. Mtindo wa Urnes, ambao ulipata jina kutokana na kanisa la mbao la Urnes lililo katika eneo la Sogn nchini Norwe na lililoingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 1979, ni wa mwisho katika mitindo ya Waviking na ndio unaopumua zaidi. Kuna mnyama mmoja mwenye mwili mnene, kuna kanda nyembamba zinazomzunguka, na kati yake kuna nafasi tupu. Nafasi hiyo usiijaze.

Kuhusu kupishana, sheria ni moja: ukifuata ukanda wowote kwa kidole, unapaswa kupita juu, kisha chini, kisha juu, bila kurudia. Usianze kushona kabla hujaweka alama kwenye kila makutano ya mchoro wako kwa kalamu ya risasi. Anza na makutano moja, amua ukanda upi uko juu, kisha ufuate ukanda huo huo hadi urudi ulikoanzia, ukibadilisha kila unapokatana na mwingine. Ukifika mahali ambapo lazima upite juu mara mbili mfululizo, ujue kuna ukanda uliousahau au mchoro una kasoro, na kasoro hiyo irekebishwe kwenye karatasi. Katika kushona, kanda za juu zishonwe kwanza zote. Ukanda wa chini husimama kama milimita 1 kabla ya kuugusa wa juu, uzi ukapita upande wa nyuma wa kitambaa, ukatokea tena ng’ambo kwa kiasi kile kile. Upenyo huo mdogo ndio unaolifanya jicho liamini kwamba ukanda umezama chini. Ukiuziba kwa kushona karibu mno, kazi yote inalala bapa, na hapa ndipo nimeona darizi nyingi nzuri zikiharibika.

Kitambaa kisikusumbue. Blanketi kuukuu la sufu lililofuliwa likashikana linafaa sana, na vilevile kipande cha suti nzito ya zamani kutoka mitumbani. Kujua kama ni sufu, vuta uzi mmoja na uuchome: sufu hunuka kama nywele zilizoungua na kubaki majivu yanayosagika vidoleni, ilhali akriliki huyeyuka na kuacha punje ngumu nyeusi. Mashuka ya Kimasai yanayouzwa sokoni kwa kawaida ni akriliki au pamba. Ukikosa kabisa, tumia kitani, au marekani nene isiyopaushwa. Kuhamisha mchoro kwenye sufu ya rangi nzito, chora kwenye karatasi laini, ishikize juu ya kitambaa, piga bandi za hatua fupi juu ya mistari yote, kisha uichane karatasi kwa uangalifu. Wanafunzi wako watalalamika kwamba wanashona mara mbili, na ni kweli.

SWALI: Je, ile nguo ndefu ya Bayeux ni darizi ya Waviking?
Msomaji, Leicester, Uingereza

JIBU: Si ya Waviking, ingawa ni ya jamaa zao. Inaeleza jinsi Wanormani walivyoiteka Uingereza mwaka 1066, na Wanormani ni wazao wa watu wa Kaskazini waliopewa ardhi nchini Ufaransa mwaka 911. Meli zao zilizodariziwa humo zimejengwa kwa namna ya Waviking. Ina urefu wa karibu mita 70 na imedariziwa kwa sufu juu ya kitani, yamkini nchini Uingereza. Wanaoiiga wanapata kwake njia bora ya kujaza eneo kubwa bila kumaliza uzi: nyuzi ndefu hulazwa bega kwa bega kutoka ukingo hadi ukingo, zikirudi kwa mshono mdogo tu upande wa nyuma, kisha nyuzi nyingine huzikata kwa umbali wa milimita 4 hivi, na kila moja ya hizo hushikizwa kwa vihatua vidogo. Wadarizi wa Iceland waliendelea kutumia njia hiyo kwenye vitambaa vya altare kwa karne kadhaa.

SWALI: Nikidarizi kutoka kwenye picha ya makumbusho, naruhusiwa kuuza?
Msomaji, Dar es Salaam, Tanzania

JIBU: Shoka la mwaka 970 halina mwenye hakimiliki, lakini picha ya kisasa inaweza kuwa naye, na mchoro wa darizi uliochorwa na mtu aliye hai ni mali yake. Njia iliyo safi ni kutazama picha kadhaa za kitu kimoja, kisha uchore mwenyewe kwa mkono wako. Makumbusho mengine ya Skandinavia huweka picha zake wazi kwa matumizi ya wote, kwa hiyo soma masharti yaliyoandikwa chini ya kila picha. Kwenye lebo andika ukweli wote kwa mstari mmoja: kwa mfano, “Mchoro umetokana na nakshi ya fedha kwenye shoka la Mammen, Denmark, rangi na mishono ni chaguo la mdarizi.” Mnunuzi anayejua atakuheshimu kwa hilo, na asiyejua atakuuliza Mammen ni wapi.